Zamu za wazazi darasani huku Pennsylvania: nani anajitolea, na nani anabeba gharama

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote hamjambo. Tangu mlipoiona kwenye video iliyopita ile bahasha ya karatasi ninazokata usiku kwa ajili ya darasa la binti yangu, swali limekuwa lile lile, ingawa linaletwa kwa namna mbili. Wapo wanaouliza kwa upole ninalipwa kiasi gani, na wapo wanaosema waziwazi kwamba mtu aliyevuka bahari kutafuta riziki hana sababu ya kufanya kazi ya bure katika nchi ya watu wenye fedha. Leo nitajibu kwa kirefu, na ninaomba ieleweke mapema kwamba sijitangazi kuwa mzazi bora kuliko wengine, wala siisemi vibaya nchi inayonipa kazi. Ninaeleza mambo yalivyo katika darasa moja la shule moja ya umma, magharibi mwa jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa sababu nimechoka kuyajibu nusunusu.

Silipwi chochote. Shule inaendeshwa kwa kodi, mwalimu ana mshahara wake, lakini zipo kazi nyingi ambazo hazimo katika bajeti ya mtu yeyote: kukata na kupanga vifaa vya kusomea, kusikiliza watoto wakisoma mmoja mmoja, kusindikiza darasa katika ziara, kuandaa sherehe ya siku ya wapendanao tarehe 14 Februari, kukusanya michango ya wiki ya kuwashukuru walimu mwezi Mei, na kusimamia meza za maonyesho ya vitabu. Kila darasa huwa na mzazi mmoja au wawili wanaoratibu, tunaowaita wazazi wa darasa, nao mwishoni mwa Agosti hufungua orodha mtandaoni ili kila mmoja aandike jina lake mbele ya kazi anayoiweza. Kwa maneno hayo utaratibu unaonekana wa haki kabisa. Taabu ilikuwa kwamba orodha ilifunguliwa asubuhi, wakati mimi niliyetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee nimelala, na nikiamka kazi zote za jioni na za nyumbani zimekwisha kuchukuliwa na wazazi ambao mchana wangeweza kufika shuleni bila kupoteza hata dola moja. Zilizobaki zilikuwa za saa nne asubuhi. Mimi hulipwa kwa saa. Nikikosa zamu ili nisindikize watoto kwenye jumba la makumbusho, fedha hiyo haipo mwisho wa wiki. Jimbo la California lina sheria inayowapa wazazi walioajiriwa na waajiri wenye wafanyakazi 25 au zaidi hadi saa 40 kwa mwaka kwa ajili ya shughuli za shule za watoto wao. Huku kwetu unategemea huruma ya msimamizi.

Sasa nije kwenye karatasi, ambazo ndizo zilizonitoa jasho. Mzazi atakayekuwa na watoto darasani mara kwa mara sharti awe na vyeti vya uhakiki. Sheria ya jimbo letu ilikazwa mwaka 2014 na kurekebishwa mwaka 2015, baada ya kesi ya Jerry Sandusky, aliyekuwa kocha msaidizi katika chuo kikuu cha Penn State, ambaye mwaka 2012 alitiwa hatiani kwa makosa 45 ya kuwadhulumu watoto kingono. Mzazi yeyote mwenye akili anaiunga mkono sheria hiyo, nami ni mmoja wao, kwa hiyo mtu asije kuandika hapo chini kwamba ninapinga ulinzi wa watoto. Ninachosema ni kwamba uzito wake haumwangukii kila mzazi sawasawa.

Cheti cha polisi wa jimbo ni bure kwa anayejitolea na hakina shida. Cha pili, kinachohakiki kwamba hukuwahi kupatikana na kosa la kumdhulumu mtoto, nacho ni bure kwa anayejitolea, lakini fomu yake inakutaka uorodheshe kila mahali ulipoishi tangu mwaka 1975, na kila mtu uliyeishi naye tangu mwaka huo. Ninyi mnaojua nyumba zetu za Tanga mtanielewa bila maelezo. Nimelelewa kwa bibi, katika nyumba iliyopokea wajomba, mashangazi, watoto wao, na jamaa waliokuja mjini kusoma wakakaa miaka, na mtaa wetu haukuwa na namba za nyumba. Mzazi aliyekulia hapa na baba, mama na kaka mmoja humaliza ukurasa ule huku anakunywa chai. Mimi ilinibidi nimpigie simu mama na mama mdogo ili tukumbushane nani alikaa lini, na mama akaanza kuogopa kwamba kuna jambo baya limenipata. Niliandika kila jina tulilolikumbuka, kwa sababu mwisho wa fomu unaapa kwamba uliyosema ni kweli, na mhamiaji hachezi na kiapo.

Cha tatu ni alama za vidole kwa ajili ya FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu ya Marekani, na hapa ndipo panaponiuma. Mzazi anayejitolea ambaye ameishi Pennsylvania miaka 10 mfululizo hasumbuliwi. Anatia saini tamko kwamba hana makosa yanayomzuia, yakaisha. Ambaye hajatimiza miaka hiyo lazima aweke miadi, afike kituoni na alipe zaidi ya dola ishirini kutoka mfukoni mwake. Kwa hiyo mwenyeji anatia saini, na mgeni, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo, analipa ili apewe nafasi ya kufanya kazi ya bure. Wakiwa baba na mama, wanalipa mara mbili. Vyeti hudumu miaka mitano, na hilo ndilo lililonifanya nikubali gharama.

Katika kikao kimoja cha wazazi, mama mmoja alisimama akasema kwamba kuna familia ambazo majina yao hayaonekani kwenye orodha hata mara moja, na kwamba wanaojali watoto wao wanajulikana kwa kufika. Hakututazama, lakini sote tuliokaa safu ya nyuma tulijua anamsema nani. Niliumia, na bado ninaumia nikilikumbuka, kwa sababu pembeni yangu alikaa baba mmoja aliyetoka Kivu, mashariki mwa Kongo, anayeanza kazi ya kiwandani saa kumi na moja alfajiri, ambaye kila jioni humsomesha mwanawe hesabu. Nilinyoosha mkono nikaeleza habari ya orodha ya asubuhi, ya alama za vidole na ya zamu za usiku. Mwalimu aliandika. Yule mama alinyamaza, na sikumdai msamaha.

Mzazi wa darasa wa mwaka huu, namshukuru, alilichukua lile jambo kwa uzito. Siku hizi orodha hufunguliwa saa mbili usiku, hutangazwa siku chache kabla, na kazi zinazofanyika nyumbani huwekwa kando kwanza kwa wazazi wasioweza kufika mchana au ambao vyeti vyao havijatoka. Ndiyo maana mnaniona na mkasi na bahasha. Wengine hufunga vifurushi vya vitabu, na yule baba wa Kivu hutengeneza meza na viti vidogo Jumamosi, watoto wakiwa hawapo. Tuliafikiana pia kwamba mchango wa fedha usihesabiwe kuwa zamu, na hili nililisimamia kwa nguvu zote, kwa sababu mwenye dola hamsini za kutoa angeonekana ametimiza wajibu huku kazi yenyewe ikirudi kwa wale wale kina mama watatu wa kila mwaka.

Mnaoniuliza kwa nini sipeleki mandazi: darasa letu linapokea vyakula vilivyofungwa kiwandani tu, vyenye maandishi ya viambato, kwa sababu ya watoto wenye mzio wa karanga. Kashata zetu haziingii pale hata kwa dawa, na ufuta nao, tangu Januari 2023, umo katika orodha ya vyakula vikuu vinavyoleta mzio ambavyo sheria ya nchi inataka vitajwe kwenye pakiti. Sikasiriki, kwani mtoto anaweza kufa.

Najua huko nyumbani wengi wenu mtasema kwamba mzazi amekuwa akijitolea tangu zamani, kwa tofali, maji na madawati, na kwamba hata baada ya ada kufutwa mwaka 2016 michango haikuisha. Ni kweli, na sisemi kwamba mzigo wetu ni mkubwa kuliko wenu. Ndugu yangu mmoja alinitumia ujumbe kwamba kama nina muda wa kukatia Wazungu karatasi basi nina muda wa kuongeza zamu ili bati la nyumba ya mama likamilike. Bati ninalilipia kila mwezi, naye anajua. Saa ninayoitoa darasani inanipa kujua mwanangu anakaa na nani, anaogopa nini na anasoma vipi, na mambo hayo sitayaletewa na mtu mwingine.

Hayo ni yangu, na wilaya ya elimu ya jirani inaweza kuwa na masharti tofauti kabisa. Ukiwa mgeni Pennsylvania, kabla hujalipia alama za vidole nenda ofisi ya shule uulize mambo matatu: kama kazi unayoitaka inahitaji vyeti vyote, kama wilaya au chama cha wazazi na walimu hurudisha gharama, na kama vyeti ulivyokwisha kupata kwa kazi ya kulea watoto vinakubalika. Vilivyotolewa bure kwa kujitolea havitumiki kuombea ajira, kwa hiyo usimpelekee mwajiri. Na kama Kiingereza bado kinakusumbua, omba mkalimani wa shule mapema, bila malipo, usimtume mtoto akutafsirie kikaoni. Maswali ya vyeti yaandikeni hapo chini, nitayasoma nikitoka kazini.