Shika Gole Alfajiri

REHEMA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Tuko Moshi, Pasua, na wiki nzima asubuhi zimekuwa za baridi. Baraka, kuku wako anaendeleaje?

BARAKA: Anakula, dada, namshukuru Mungu. Ila Jumapili ile nilijua nampoteza. Tumetoka ibadani, nakuta mtetea wangu mweusi, yule wa kishungi, kasimama peke yake chini ya mgomba. Manyoya yamemsimama, macho yamefumba nusu. Nikamwaga mahindi, wenzake wakayagombania, yeye hata hakugeuka.

REHEMA: Hapo ndipo wengi tunakosea. Tunakimbilia pilipili na mshubiri, au tunanunua dawa ya unga dukani bila kujua anaumwa nini.

BARAKA: Mimi nilimtenga kwanza. Boksi, maranda chini, nikamweka stoo pasipo upepo, na maji yake peke yake. Akibaki bandani wenzake watamdonoa, na kama ana ugonjwa wa kuambukiza atawapa.

REHEMA: Halafu ukampapasa. Waeleze vizuri.

BARAKA: Nilimbana kwapani, mabawa yametulia. Kifuani, mfupa wa kidari ulikuwa umechongoka. Nikajua hajaanza kuumwa leo, kakonda siku nyingi mimi sioni, manyoya yanaficha. Iliniuma hiyo. Nikapanda juu, kwenye gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo: gumu, kubwa kama limao. Usiku nikamwondolea chakula, nikaacha maji tu. Alfajiri nashika tena, bado lile lile.

REHEMA: Shikeni hapo, jamani. Kuku mzima anaamka gole likiwa tupu, kwa sababu usiku chakula kinashuka kwenda kwenye firigisi. Ukilikuta limejaa kabla hajala, basi kuna kilichokwama. Mara nyingi ni majani marefu makavu, au nyuzi za kiroba.

BARAKA: Kwangu yalikuwa majani ya ng'ombe, tulikuwa tunayarundika karibu na banda. Nikachukua mafuta ya alizeti, tone moja moja pembeni ya mdomo, namsubiri ameze. Kisha namkanda gole kwa vidole, polepole, dakika kama tano. Mara nne kwa siku.

REHEMA: Na msimwinamishe kichwa chini eti atapike! Yale maji ya gole yakiingia njia ya hewa, anakufia mkononi.

BARAKA: Jirani alinishauri hivyo hivyo, nikakataa. Siku ya pili jioni likalainika kama unga uliokandwa. Ya tatu alfajiri, tupu. Nilikaa pale stoo na tochi, nalishika mara mbili mbili kuhakikisha.

REHEMA: Lisingelainika?

BARAKA: Afisa mifugo. Wao wanaweza kulipasua wakatoa uchafu na kushona. Si kazi ya kujaribu na wembe nyumbani.

REHEMA: Sasa niseme la kwangu. Ukiona kinyesi cha kijani, kuku anakoroma, shingo inapinda, na wanaangukiana mmoja baada ya mwingine, hilo si gole. Huo ni mdondo, wengine wanauita kideri. Hauna dawa. Mimi ulinimalizia banda zima baada ya kuchanganya jogoo niliyemnunua mnadani siku ile ile. Kinga ni chanjo, tone moja jichoni, kila miezi mitatu, wakiwa wazima. Ile ya I-2 inatengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha, na inavumilia joto kuliko zile za zamani. Waliokufa wafukieni shimo refu. Msiwauze, tafadhali, mtampelekea mwenzenu msiba.

BARAKA: Na ukipewa antibiotiki, muulize mtaalamu siku ngapi usile mayai wala nyama yake.

REHEMA: Kabisa. Mweusi umemrudisha bandani?

BARAKA: Jana usiku. Nilisubiri wenzake walale, nikampandisha kwenye kijiti katikati ya wawili. Asubuhi wametoka pamoja, hakuna aliyemdonoa.