Achukue Tahasusi Gani?

FUNDI: Shikamoo Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, dada Fundi. Wasikilizaji, karibuni. Wiki hii simu yangu haikupumzika. Wazazi wote wananiuliza jambo moja: mtoto kamaliza kidato cha nne, achukue tahasusi gani, yaani masomo gani matatu ya kidato cha tano na sita?

FUNDI: Na wengi jibu wanalo tayari. PCB, yaani Fizikia, Kemia na Bailojia, awe daktari.

MWALIMU: Au PCM, yenye Hisabati badala ya Bailojia, awe injinia. Zamani tahasusi zilikuwa 16. Mwaka 2024 serikali ikaongeza 49, zikawa 65. Zipo za lugha, biashara, muziki, michezo na elimu ya dini. Mzazi aliyesoma enzi za tahasusi chache kama HGL na HKL, zile za historia na lugha, akiiona ile orodha anachoka, anarudi kwa zile mbili anazozijua.

FUNDI: Mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Baba alitaka daktari nyumbani, nikasoma PCB. Miaka miwili nasoma nije kuwa daktari, na hata siku moja sijakaa na daktari nikamuuliza siku yake inakwendaje. Kidato cha sita nikaanguka. Nikajifungia ndani miezi minane, Mwalimu. Hata sokoni siendi, naona kila mtu anajua.

MWALIMU: Pole sana. Nani alikutoa?

FUNDI: Mjomba, fundi umeme. Aliniambia tu, njoo unisaidie kubeba ngazi. Hakuniambia nichague kazi. Siku ya kwanza nabeba, ya pili nabeba, ya tatu nikamuuliza, mjomba, huu waya wa kijani na njano mbona unauzamisha ardhini? Akashuka kwenye ngazi, akakaa chini, akanieleza karibu saa nzima. Usiku sikulala, nachora saketi kwenye daftari la Bailojia.

MWALIMU: Hapo kwa mjomba tusipapite haraka. Yupo mwanasaikolojia wa Marekani, Mark Savickas, aliyechunguza mambo haya miaka mingi. Anataja nguzo nne zinazomwezesha mtu kwenda na kazi zinavyobadilika: kuijali kesho yake, kuona kwamba uamuzi uko mikononi mwake, udadisi, na kujiamini kuwa kikwazo atakivuka. Mwaka 2012 yeye na mwenzake walichapisha kipimo chenye vipengele 24, kilichojaribiwa katika nchi 13. Sasa nikikutazama wewe wa wakati ule, kesho ulikuwa unaijali mno. Uamuzi ulikuwa wa baba. Udadisi hakuna aliyeuamsha, mpaka alipokuja mjomba.

FUNDI: Na kujiamini kuliondoka na matokeo.

MWALIMU: Sisi walimu tunasukuma ile nguzo ya kwanza tu. “Fikiria maisha yako ya baadaye!” Kila paredi, kila mahafali. Mtoto anayeijali kesho bila kuijua anapata hofu, basi. Nimefundisha miaka 19, na hilo nililifanya mimi mwenyewe. Linaniuma.

FUNDI: Lakini tusiwalaumu wazazi. Baba akisema daktari, alikuwa anasema nataka mwanangu asilale njaa.

MWALIMU: Kweli kabisa. Kwa hiyo namwambia mzazi, hofu yako ni halali, ila mpeleke mtoto akaone. Shangazi ana duka la dawa? Akakae naye siku mbili, aone kuhesabu dawa, aone mteja anayegomba. Jirani ni mhasibu, ni fundi cherehani, ni afisa kilimo? Aulize: ulifikaje hapa, nini kinakuchosha, kazi yako imebadilika vipi tangu uanze? Swali hilo la mwisho ndilo nalipenda kuliko yote.

FUNDI: Maana hata mimi nilianza na nyaya za nyumba, leo nusu ya kazi zangu ni sola.

MWALIMU: Na ajue njia ziko ngapi. Matokeo yakitoka, hufunguliwa muda wa kubadilisha machaguo kwenye Selform, mfumo wa mtandaoni wa serikali wa kuchagua tahasusi na vyuo. Wengi wanauacha upite. Tena kidato cha tano siyo njia pekee. Yupo anayekwenda chuo cha kati, anapata stashahada, ile inayoitwa NTA ngazi ya 6, na akiwa na GPA, yaani wastani wa alama, wa 3.0 anaweza kuomba shahada. Kuna mlango wa mbele na mlango wa uani, nyumba ni ile ile.

FUNDI: Mimi nilipita uani. Ningeambiwa mapema kwamba upo, ile miezi minane isingekuwa vile.

MWALIMU: Na sasa mambo yanaanza mapema zaidi, maana sera mpya imegawa sekondari mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi. Mtoto wa darasa la saba naye anahitaji kuona kazi za watu.

FUNDI: Jumamosi iliyopita nilikwenda saiti na binti wa jirani, yuko kidato cha tatu. Mama yake alikuwa na wasiwasi, nikamwambia shemeji, hatagusa waya, ataangalia tu. Tukapasua ukuta, tukapitisha mabomba. Saa sita akaniambia, dada, kazi hii siitaki, vumbi limenikaba.

MWALIMU: Ukamjibuje?

FUNDI: Nikamwambia ahsante kwa kuniambia. Kisha akasema alichokipenda ni ile ramani ya nyumba, aliyeichora ni nani? Jumamosi hii nampeleka kwa mchoraji.