Picha Irudi Mkononi mwa Mwenye Nyumba
Mhadhara kwa wanafunzi wa ufundi wa elektroniki, Dar es Salaam

Marahaba, marahaba. Kaeni, vijana wangu. Walimu, nawashukuru kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuandaa kaya pale runinga inapohama kutoka analojia kwenda dijitali. Wengi wenu mlikuwa wadogo usiku ule wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Dar es Salaam saa sita kamili. Mimi nilikuwa na kibanda cha ufundi Mbagala. Asubuhi ya mwaka mpya nilikuta watu wamenisubiri mlangoni, wengine wamebeba TV kichwani. Kwa hiyo leo nitawasimulia zaidi niliyoyaona majumbani mwa watu. Nilichojifunza ni kwamba nyumba huwa tayari siku ile ambapo mtu anayebaki nyumbani mchana anaweza kuirudisha picha kwa mkono wake mwenyewe. Kabla ya hapo, hata kama king'amuzi kimelipiwa na kimewekwa juu ya kabati, kazi bado.

Mteja atakuuliza kwanza: kwa nini walizima? Usimjibu kwa mkato. Mwaka 2006, mjini Geneva, nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana kugawana upya masafa ya runinga, zikaweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kipindi cha mpito. Watu wengi wanadhani ile ilikuwa amri ya kuzima. Maana yake hasa ni kwamba baada ya siku hiyo mtambo wako wa analojia haulindwi tena. Jirani yako wa nchi ya pili akiwasha mtambo wake wa dijitali kwenye masafa yale yale na picha yako ikaharibika, huna pa kwenda kushitaki. Kisha kuna suala la nafasi. Kituo kimoja cha analojia kilijaza njia nzima ya megahezi 8. Ndani ya njia hiyo hiyo, dijitali inapitisha vituo kumi na zaidi. Masafa yanayoachwa wazi, yale ya megahezi 700 na 800, ndiyo yanayotumika leo kwa intaneti ya simu katika nchi nyingi. Mweleze mteja hivyo, ataelewa. Watu wetu hawakatai mabadiliko, wanakataa kuburutwa.

Tanzania haikungoja 2015. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilianza na Dar es Salaam. Dodoma na Tanga zikafuata mwishoni mwa Januari 2013, Mwanza mwishoni mwa Februari, Arusha na Moshi mwishoni mwa Machi, na Mbeya mwishoni mwa Aprili. Mpango ule wa mji kwa mji naupongeza mpaka leo. Fundi mwenzangu wa Tanga alikuja kukaa kibandani kwangu siku nne mwezi Januari, akaandika kila tatizo lililoletwa, akarudi kwao na daftari lake. Aliponipigia simu mwezi Februari alikuwa ametulia kabisa. Kama nchi nzima ingezimwa usiku mmoja, angejifunzia wapi?

Lakini matangazo yale, kwenye redio, kwenye TV zenyewe, kwenye magazeti, yalikazia jambo moja: nunua king'amuzi kabla ya tarehe. Kampuni tatu zilikuwa na leseni ya kurusha matangazo ya dijitali kutoka kwenye minara, na kila moja ilikuwa na king'amuzi chake. Watu wakajipanga foleni, wakanunua. Halafu?

Halafu akaja bibi mmoja, wiki ya kwanza ya Januari. Alikuwa na TV ya chogo ya inchi 14, aliyonunuliwa na mwanawe zamani sana, na king'amuzi kipya ambacho mwanawe huyo huyo alikuwa amemtumia kwa basi. Nikamfuata nyumbani jioni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hiki kidude kinawaka taa, lakini TV imekuwa kama mchanga."

Nikageuza ile TV. Nyuma hakukuwa na tundu nyekundu, nyeupe wala njano. Palikuwa na tundu moja tu, la antena. King'amuzi nacho kilitoa picha kwa zile waya tatu za rangi, basi. Hakikuwa na njia ya kutoa mawimbi yatakayoingia kwenye tundu la antena. Yaani mwanawe alitoa pesa, bibi alitii tangazo, king'amuzi ni kizima, TV nayo nzima, na vitu viwili hivyo haviwezi kuzungumza.

Nikatazama pembeni, nikaona deki ya mikanda ya video, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake vikombe vya chai vya wageni. Nikauliza kama inafanya kazi. Akasema hajaiwasha tangu harusi ya mjukuu wake. Nikaiwasha, ikawaka. Deki ina kitu ambacho king'amuzi kile hakikuwa nacho: inapokea waya za rangi upande mmoja, na upande mwingine inatoa mawimbi ya antena, mara nyingi kwenye njia ya 36. Nikachomeka king'amuzi kwenye deki, deki kwenye TV, nikaweka deki isome waya za nje, nikazungusha kitufe cha stesheni cha TV polepole mpaka picha ikaja. Ilikuwa inakaribia saa mbili, taarifa ya habari inataka kuanza. Bibi akakaa mkekani bila kusema neno.

Hapo ningeweza kuchukua pesa yangu nikaondoka, na kwa kweli nilianza kufunga mkoba. Akaniuliza, "Na umeme ukikatika?" Swali hilo ndilo lililonifundisha kazi. Maana umeme ukikatika na kurudi, deki inabaki imezimwa. Inabidi iwashwe, irudishwe kwenye waya za nje, ndipo picha ije. Nikakaa tena. Tukazima kila kitu, akawasha mwenyewe. Mara ya kwanza akakosea, mara ya pili akasahau deki, mara ya tatu akaweza, na mara ya nne akaweza bila kunitazama. Tangu jioni ile sijaondoka nyumba ya mtu kabla mwenyewe hajawasha mara mbili mbele yangu, peke yake.

Twende juu ya paa sasa, maana huko ndiko kwenye kilio kikubwa, na huko matangazo hayakugusa.

Analojia ilikuwa na huruma. Antena ikiwa imeinama, waya umeshika kutu, unapata chenga, lakini mpira unauona na mtangazaji unamsikia. Dijitali haina katikati. Mawimbi yakitosha, picha ni safi kama kioo. Yakipungua kidogo, picha inakatika vipande vya mraba, inaganda, sauti inakwaruza, kisha hakuna kitu. Kwa hiyo nyumba iliyozoea kuishi na chenga miaka kumi ilijiona ina antena nzima, na siku ya dijitali ikaona giza. Wakalaumu king'amuzi. Wengi walikirudisha dukani, wakapewa kingine, giza lile lile.

Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, mtoto akipandishwa juu ya paa kugeuza bomba la antena, baba yuko dirishani anapiga kelele: "Hapo! Hapo hapo! Umepita, rudi!" Kwa dijitali mchezo ule unashindwa, na sababu yake ni ndogo sana. King'amuzi kinahitaji sekunde kadhaa kushika mawimbi na kuyafungua. Mtoto akizungusha kwa kasi ya zamani, anaipita sehemu nzuri kabla picha haijapata muda wa kutokea. Geuza upana wa vidole viwili, simama, hesabu mpaka kumi, ndipo ugeuze tena. Fungua ukurasa wa kuonyesha nguvu na ubora wa mawimbi kwenye king'amuzi, na fuata ubora, usifuate nguvu. Na kabla ya yote hayo, kata ile ncha ya waya iliyoshika kutu. Nimewahi kumaliza kazi kwa kukata sentimita tano za waya na kuufunga upya, mwenye nyumba akadhani nimefanya uganga.

Tena minara ya kampuni tofauti si lazima iwe sehemu moja. Jirani yako ameelekeza antena yake huku, wewe una king'amuzi cha kampuni nyingine, ukimuiga unapotea.

Jambo la tatu ni la pesa, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Sharti lililowekwa ni kwamba vituo vitano vya kitaifa, TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV, vionekane bure kwenye ving'amuzi vya minara hata kama mtu hajalipia mwezi. Ni sharti zuri mno. Lakini mwezi wa kwanza wa kifurushi cha ofa ulipokwisha, skrini ikaandika ujumbe wa kulipia, na mama wa watu akazima TV akaifunika. Alidhani imefungwa yote. Nimeingia nyumba ambayo TV ilikuwa imefunikwa tangu Februari, na nilipobonyeza rimoti kuhama chaneli moja tu, taarifa ya habari ikatokea. Kaya ile ilikuwa na haki yake mkononi, ila hakuna aliyeiambia. Roho iliniuma.

Wenzetu wengine walifanyaje? Uingereza walizima kidogo kidogo kwa miaka mitano, kuanzia mji mdogo wa Whitehaven mwaka 2007, wakamalizia Ireland ya Kaskazini tarehe 24 Oktoba 2012, wiki kumi tu kabla yetu. Walikuwa na mpango maalumu kwa wenye umri wa miaka 75 na kuendelea, walemavu na wasioona: mtu anakuja nyumbani, anafunga kifaa, anafundisha kukitumia. Marekani waligawa kuponi za dola 40, mbili kwa kila kaya iliyoomba. Fungu la pesa za kuponi likaisha Januari 2009, watu wakawekwa kwenye foleni, na tarehe ya kuzima ikasogezwa kutoka 17 Februari hadi 12 Juni. Mimi ningependa mpango wa Uingereza zaidi. Kuponi inakufikisha dukani. Bibi wa Mbagala hakuwa na tatizo la duka.

Kenya wana somo lao. Walianza kurusha dijitali Desemba 2009 kwa mfumo wa DVB-T, baadaye nchi ikachagua DVB-T2. King'amuzi cha mfumo wa kwanza hakisomi mawimbi ya mfumo wa pili, kwa hiyo aliyewahi kununua, aliyekuwa mtiifu kuliko wote, ndiye aliyepoteza. Someni maandishi nyuma ya kasha kabla mteja hajatoa pesa. Kisha Februari 2015, katika mvutano wa nani abebe matangazo ya nani, NTV, KTN na Citizen zikatoka hewani karibu wiki tatu. Fikirieni familia iliyokwisha kununua kila ilichoambiwa.

Ninyi mtakutana na mihamo mingine. Mifumo itabadilika, visanduku vitabadilika, na tangazo litakuwa lile lile: nunua kabla ya tarehe. Mtakapoitwa, nendeni wiki mbili kabla, wakati picha ya zamani bado ipo na hakuna anayelia. Anzeni na nyumba za wazee na za watu wanaoishi peke yao. Ulizeni: nani anabaki hapa mchana? Huyo ndiye mwanafunzi wenu, hata kama aliyelipa ni mwingine.

Na bebeni karatasi. Mimi nilikuwa naandika kwa kalamu nene, herufi kubwa, nabandika ubavuni mwa king'amuzi kwa gundi ya karatasi: kipi kiwashwe kwanza, kitufe gani cha rimoti, chaneli za bure ziko namba ngapi. Kwa bibi yule aliyekuwa haoni vizuri, nilifunga uzi mwekundu kwenye waya wa deki na kumbandikia kipande cha plasta juu ya kitufe kimoja cha rimoti, ili akipapase hata gizani.

Hapa mezani kuna TV ya chogo, king'amuzi, na waya niliouleta kutoka paa la nyumba yangu, na ncha yake imeoza makusudi. Naomba wawili waje mbele. Wewe binti, shika kisu, tuanze na ncha ya waya.