Biskuti za Mbwa Zenye Krimu Katikati: Tunaoka Nyumbani, Bila Kakao Wala Sukari

Haya jamani, karibuni tena jikoni. Leo mlaji wetu ana miguu minne na yuko pale mlangoni, mmeshamwona. Huyo ni Simba, mbwa koko wa hapa hapa Dar, mwili wake kilo 18, tamaa yake sijui hata nipime kwa mzani gani. Tunamwokea biskuti za vipande viwili zenye krimu katikati, nyeusi kwa nje, nyeupe kwa ndani. Ukiziona utasema zimetoka dukani, lakini hazina undugu wowote na za dukani. Hazina kakao, sukari, chumvi wala vanila ya chupa.

Najua kuna anayewaza, si nichukue tu biskuti za watoto nipunguze sukari? Hapana. Biskuti ya mtu huwezi kuipunguza mpaka ikawa ya mbwa. Tunaanza upya, kiungo kwa kiungo.

Kakao kwanza, maana ndiyo yenye kesi. Ndani ya kakao kuna kitu kinaitwa theobromini. Mwili wa mtu unakitoa bila shida. Mbwa anakitoa polepole mno, saa 17 hivi zikipita ndiyo kwanza nusu imetoka, na muda wote huo mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Kijiko kikubwa cha unga wa kakao ni kama gramu 5. Vijiko viwili vinatosha kumtapisha na kumharisha mbwa wa kilo 10, na ukizidisha unaingia kwenye moyo na degedege. Chokoleti ya maziwa ina theobromini kidogo kuliko unga wa kakao, sawa, lakini mbwa akishaipata pakiti nani atakaa kuhesabu vipande?

Badala yake tunatumia hii hapa. Sogeza kamera, waone rangi. Huu ni unga wa kerobu. Kerobu ni mti wa nchi za Mediterania, maganda yake hukaushwa, hukaangwa, yakasagwa. Rangi ni ile ile ya kakao, utamu anao wa asili, na theobromini hana. Waliosoma Sunday school, yale maganda ya nguruwe aliyoyatamani mwana mpotevu inadhaniwa ndiyo haya. Kwa Mangi huupati. Ulizia maduka ya vyakula vya afya, au uagize mtandaoni, na usome pakiti: iwe kerobu tupu, isiwe vile vidonge vyake vilivyochanganywa na sukari na mafuta. Ukiukosa, usiumize kichwa. Weka unga wa kawaida mahali pake, biskuti zitatoka rangi ya chapati. Weusi huu ni kwa ajili ya macho yetu sisi tunaopiga picha.

Kiungo cha pili cha kuangaliwa kwa macho mawili ni siagi ya karanga. Geuza kopo, soma nyuma. Unataka neno moja tu, karanga. Ukiona xylitol, au namba yake E967, lirudishe kwenye shelfu. Hiyo zailitoli ni sukari mbadala, inawekwa kwenye pipi na bazoka zisizo na sukari, na kwenye baadhi ya siagi za karanga. Mtu haimdhuru. Mbwa akiila, mwili wake unamwaga insulini kwa wingi, sukari ya damu inaporomoka, na ndani ya nusu saa anaweza kuanza kuyumba kama mlevi. Ini nalo linaweza kuharibika. Kwa hiyo kitu kilichoandikwa "bila sukari" kisikufurahishe, kikushtue.

Ukitengeneza siagi mwenyewe kwa blenda, na mimi napenda hivyo, basi kaa chini uchambue karanga. Tazama hizi mkononi. Hii nzima, ngozi yake imekaza, inaingia. Hii imesinyaa, inatoka. Hii ina doa la kijivu karibu na kiini, pasua uone, ndani kuna ukungu, inatoka. Hapo tunakwepa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Haina harufu, haina ladha, kukaanga hakuimalizi, na mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowaumiza ini vibaya sana. Usiseme zile mbovu zitakuwa za mbwa. Zitupe kabisa, hata kuku usiwape.

Sasa krimu, na hii inaanza usiku wa kuamkia siku ya kuoka. Chukua vikombe viwili vya mtindi usio na sukari wala ladha. Tandika kitambaa cha kuchujia tui juu ya chujio, chujio juu ya bakuli, mimina mtindi, funika, weka kwenye friji mpaka asubuhi. Nafunua. Maji yote ya manjano yako chini, na juu umebaki mtindi mzito unaosimama kwenye kijiko. Ukikamua kitambaa kwa haraka hupati uzito huu, uache ujichuje wenyewe. Mbwa wengi maziwa mabichi huwasumbua tumbo, ila mtindi uliochujwa hivi lactosi yake, yaani sukari ya maziwa, imepungua, na kwa kijiko kimoja kimoja wengi wanauvumilia. Wako ukijua tumbo lake ni jepesi, acha mtindi kabisa, chemsha kiazi lishe, kiponde kikiwa cha moto, kipoe. Krimu itakuwa ya rangi ya chungwa na inashika vizuri kuliko hata ya mtindi.

Twende kwenye unga. Bakuli kubwa. Atta kikombe kimoja na nusu. Oti iliyosagwa kwenye blenda, nusu kikombe, na ukikosa oti weka unga wa mchele. Kerobu vijiko vitatu vikubwa, uchekeche, maana unaganda mabonge na bonge likibaki utaliona kwenye biskuti. Changanya vikavu. Shimo katikati. Yai moja. Mafuta ya nazi kijiko kikubwa kimoja, kimoja tu, mafuta mengi yanaweza kumletea mbwa ugonjwa wa kongosho. Halafu boga lililochemshwa na kupondwa, nusu kikombe. Boga tupu, lisiwe lile la futari lenye tui na chumvi. Hamira haiingii, na baking powder haiingii: tunataka biskuti bapa, zisivimbe.

Kanda. Mwanzo litaonekana kavu, usikimbilie maji. Atta inanywa taratibu, endelea dakika tatu nne. Hapo sasa. Donge likiacha kunata kwenye bakuli na ukilibonyeza kidole alama ikabaki, limekuwa tayari. Likinata, nyunyiza atta. Likipasuka pembeni, kijiko kidogo cha maji. Lifunike, lipumzike kwenye friji nusu saa.

Na Simba akiomba kipande cha unga mbichi? Hapati. Kuna yai bichi na unga mbichi humo, asubiri kama sisi.

Kibao cha chapati, kisukumio, unga kidogo wa kunyunyizia. Sukuma mpaka unene wa nusu sentimita. Usiende nyembamba ya chapati, zitaungua kingo kabla ya katikati kukauka. Sasa kukata, na hapa ukubwa wa mbwa ndio unaochagua kifaa. Mbwa mkubwa, tumia kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, mdomo wake ni sentimita 5 hivi. Mbwa mdogo, kifuniko cha chupa ya maji, sentimita 3. Nitaeleza hesabu yake mbele, kwa sasa niamini tu. Chovya mdomo wa kikombe kwenye unga, bonyeza wima, usizungushe, ukizungusha duara linavutika. Mabaki kusanya, sukuma tena. Kwa kikombe cha kahawa utapata vipande 40 hivi, yaani biskuti 20. Choma kila kipande kwa uma mara mbili tatu ili mvuke utoke.

Mwenye oveni, nyuzi 175, trei yenye karatasi ya kuokea, dakika 20 mpaka 25. Ukiishazima, fungua mlango kidogo na uache biskuti humo humo zikauke kwa joto linalobaki.

Mwenye jiko la mkaa, usiondoke, wewe ndiye ninayekupikia leo. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili. Juu ya mchanga weka kigae au kifuniko cha kopo, ndipo sinia la biskuti likae bila kugusa mchanga. Funika, wacha sufuria ipate moto robo saa kabla ya kuingiza chochote. Ingiza sinia, funika, panga makaa machache juu ya mfuniko. Machache, narudia. Moto wa chini uwe wa wastani. Dakika ya 15 chungulia, geuza vipande, rudisha. Zote zinachukua kama dakika 30. Kwa kuwa biskuti ni nyeusi tayari, rangi haitakuambia kama zimeiva. Tumia pua na kidole: harufu ya karanga karanga ni sawa, harufu kali ya kuchoma umechelewa. Gonga kwa kucha, ikilia kavu imeiva. Kama zikipoa bado zinapinda, zirudishe dakika kumi.

Zipoe kabisa. Ukipaka krimu juu ya biskuti ya moto itayeyuka na kulowesha kila kitu.

Wakati zinapoa tunamaliza krimu. Mtindi wetu mzito, ongeza siagi ya karanga vijiko viwili vikubwa, koroga. Mwanzo itakatika, endelea tu, itashikana na kuwa laini. Weupe utapungua kidogo. Anayetaka nyeupe pee aache karanga, lakini harufu ya karanga ndiyo inayomleta mbwa, kwa hiyo mimi siachi. Rudisha kwenye friji dakika 20 ikaze. Chukua kipande, geuza upande wa chini uangalie juu, weka krimu katikati, kijiko kidogo kimoja, funika na kipande cha pili, bonyeza kwa kiganja taratibu mpaka krimu ifike ukingoni. Isimwagike nje. Ona hiyo. Nzuri, eh?

Sasa ile hesabu. Vitafunwa vyote vya mbwa kwa siku visizidi asilimia 10 ya chakula chake. Mbwa mtu mzima wa kilo 10 anahitaji takriban kalori 600 kwa siku, kwa hiyo nafasi ya vitafunwa ni kalori 60. Biskuti moja ya kikombe cha kahawa ina kama kalori 70. Umeona? Moja tu tayari imepita. Ndiyo maana wa kilo 10 anakatiwa kwa kifuniko cha chupa, zile zina kama kalori 25, anakula mbili na siku imeisha. Simba wa kilo 18 anapata moja kubwa. Mbwa wa kilo 30, moja, au mbili siku mnayotoka kukimbia. Na siku ya biskuti, ugali wake unapungua kidogo.

Vya kuongeza kwa ubunifu wako: karoti iliyokunwa, tufaha bila mbegu, mdalasini chembe. Visivyoingia hata kwa kuombwa: zabibu, mbichi au kavu, maana huua figo, makadamia, na wenzetu wa Kenya mnaolima kwa wingi mchunge zisianguke sakafuni, kitunguu maji na kitunguu saumu, bia.

Ikitokea amekula chokoleti au bazoka za watu, mpigie daktari wa mifugo papo hapo na uende na pakiti mkononi, akajue kiasi. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, hiyo chumvi yenyewe inaweza kumuua. Maziwa nayo si dawa ya sumu hii, hata kama jirani ataapa.

Kuhifadhi. Zilizopakwa krimu zikae kwenye friji, siku nne, zisizidi. Zisizopakwa, kama zimekauka sawasawa, zinakaa wiki mbili kwenye kopo linalobana, ila kwa unyevu wa Dar, Tanga au Mombasa kagua kila siku, na ukiona doa la ukungu kwenye moja, mwaga kopo zima. Mimi huoka nyingi, nikaziweka kwenye friza bila krimu, napaka za siku moja moja.

Mara ya kwanza usimpe nzima. Vunja nusu, mpe, halafu subiri mpaka kesho uangalie choo chake. Kikiwa cha kawaida, endelea na kiasi chake cha kila siku. Kikilainika, toa mtindi, weka kiazi lishe, ujaribu tena baada ya tumbo kutulia. Simba, njoo. Kaa. Kaa kwanza, kamera inakuona.