Wazee wetu wana majina: Odera Oruka na watu aliowahoji

Asanteni, kaeni jamani. Wanaonijua washajua nitaongea nini, hii kitu naisema kila nikipewa maiki na leo naisema tena kwa sababu bado haijafanyika. Kamusi elezo ya Kiswahili inatakiwa iwe na makala ya maana ya Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Kenya, sio mistari mitatu ya alizaliwa na alifariki, na pamoja nayo makala za wazee aliowahoji, mmoja mmoja kwa jina lake. Hilo la pili ndilo watu wanalikwepa.

Wasifu wake sirudii, kuzaliwa Ugenya, kusoma Sweden, kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, mnaujua. Ninachotaka mkishike ni alichokigomea. Mwaka 1945 Tempels, yule padre Mbelgiji wa Kongo, alitoa kitabu akisema Wabantu wana falsafa yao, na watu wengi wakafurahi, angalau tumetambuliwa. Oruka hakufurahi. Falsafa gani hiyo ya watu mamilioni wote wanaowaza kitu kimoja? Anayefikiri ni mtu, sio kabila. Basi kuanzia miaka ya 1970 yeye na wanafunzi wake wakaenda vijijini kuhoji wazee na kurekodi, na swali halikuishia kwenye "mila inasemaje", walikuwa wanaendelea kumbana mzee, na wewe mwenyewe unaonaje, na kwa nini.

Mchukue Paul Mbuya Akoko, mzee wa Kijaluo. Anaulizwa habari za Mungu, anasema Wajaluo wa zamani walidhani Mungu wao ni tofauti na wa makabila mengine, na hapo walikosea, maana miungu ingekuwa mingi maumbile yote yangevurugika, na hayajavurugika. Umeona alichofanya? Kawasahihisha babu zake mwenyewe, tena kwa hoja. Anaulizwa mwanamume na mwanamke nani zaidi, anajibu mwanamume anaweza kukimbia kwa kasi kuliko mwanamke, lakini mwanamke anaweza kubeba mimba na kuvumilia uchungu wa kuzaa, kitu ambacho mwanamume hawezi, kwa hiyo huwezi kusema kwa haki kwamba mmoja ni bora kuliko mwingine. Huyo ni mzee aliyezaliwa karne ya kumi na tisa! Halafu mtu anaandika makala anaanza na "Wajaluo huamini kuwa..." Wajaluo gani? Mbuya ameshakwambia hakubaliani nao!

Sasa hapa naomba mnivumilie niingie kwenye kesi ya S.M. Otieno, najua mmeisikia kwangu, lakini kuna vijana hapa hawajaisikia. Otieno, wakili Mjaluo wa Nairobi, alifariki Desemba 1986. Mjane wake Wambui, Mkikuyu, anataka amzike shambani kwao Upper Matasia kule Ngong. Ukoo wake, wa Umira Kager, unasema Mjaluo anazikwa kwao, Nyalgunga, Siaya. Mwili ukakaa mochari karibu miezi mitano, kesi inasomwa magazetini kila siku, nchi nzima imegawanyika. Kati ya mashahidi alikuwepo mchimba makaburi, na alikuwepo Profesa Odera Oruka, ameitwa na upande wa ukoo kama mtaalamu wa mila. Ukoo ukashinda, Otieno akazikwa Nyalgunga Mei 1987.

Kinachoniuma ni hiki. Mtu aliyetumia zaidi ya miaka kumi kuthibitisha kwamba ndani ya kabila moja kuna vichwa vinavyopingana, siku nchi nzima inamsikiliza, anawekwa kizimbani kujibu swali lilelile la Tempels: Wajaluo wanasemaje? Mahakama ilihitaji jibu la kabila, sawa, sheria ya mila ndivyo inavyofanya kazi na simlaumu hakimu. Lakini sisi tunaoandika kamusi hatuna hakimu anayetusubiri, hakuna maiti mochari, tuna nafasi yote ya kuandika fulani alisema hivi na fulani akampinga, na bado tunaandika kabila. Kwa nini?

Nasikia mtu anasema, Mwalimu, hao wazee wengi hawakuandika vitabu. Socrates, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika kipi? Mwingine amemsoma Bodunrin, mwanafalsafa wa Nigeria, anasema profesa ndiye aliyefalsafu, mzee alichokozwa tu na maswali. Hii ni hoja nzito, siidharau. Ila mtu akichokozwa akatoa hoja, hoja ni ya nani? Mimi nikikuuliza kwa nini na wewe ukanijibu vizuri, jibu ni lako. Na Oruka mwenyewe hakumpitisha kila mzee, aliwatenga wanaoijua mila na kuisimulia tu na wale wanaoihoji, hata baba yake mzazi, Oruka Rang'inya, alihojiwa kama wengine.

Muda naona unaniishia na sijagusa hoja ya Odera Oruka ya 1989 kuhusu kiwango cha chini cha ubinadamu, yaani usalama wa mwili, afya na riziki, kwamba mtu asiye na hivyo vitatu hawezi hata kudaiwa maadili, kwa hiyo msaada kwa mwenye njaa ni haki yake sio hisani. Hiyo peke yake ni makala. Anton Wilhelm Amo, mwanafalsafa wa Axim, Ghana, aliyetetea tasnifu Wittenberg, Ujerumani, 1734, naye nilitaka nimsemee, na washairi wa Mombasa kama Ahmad Nassir walivyoliwaza suala la utu, basi itakuwa siku nyingine.

Kwa wanaoanza kuandika leo jioni: anzeni na Mbuya Akoko. Jina lake juu, sio "falsafa ya Wajaluo". Sentensi ya kwanza iseme yeye ni nani, ya pili alidai nini, ya tatu kwa sababu gani, na kama mnamjua aliyempinga, naye mpeni makala yake. Haya, maswali.