Kima Wamehesabiwa, Gari Bado

(Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya wahandisi vijana, madereva na watu wa halmashauri)

Assalaam aleikum. Nimepewa dakika arobaini, na mwenyekiti amenionya mbele yenu kwamba safari iliyopita nilikula sitini. Haya. Utangulizi wa foleni ni nini na ajali ni nini nauruka. Aliyekuja hapa na daladala ya 603 kutoka Mkoani ameshaupata utangulizi huo njiani.

Nimekuja kuzungumzia kuhesabu gari barabarani, lakini nianze na kima. Naona wanaocheka huko nyuma. Hadithi hii wameisikia Tunguu, wameisikia Mwanakwerekwe, na nyumbani kwangu wanaijua kwa moyo. Mtaisikia tena, kwa sababu waliotakiwa kuisikia bado hawajakaa chini wakaisikiliza.

Mwaka 1996 barabara inayopita Jozani, ule msitu wa hifadhi wa Unguja, iliwekwa lami. Gari zikapata mbio. Kima punju, wale wekundu wa Unguja, hawakupewa tangazo, wakaendelea kuvuka pale pale walipovuka mababu zao, watoke msituni waende kwenye miembe na mikungu ya watu. Wakawa wanagongwa. Sasa watu wa hifadhi na watafiti wakafanya jambo dogo sana: wakaandika. Kima akifa barabarani, inaandikwa tarehe, inaandikwa mahali. Baada ya muda ikaonekana kwamba anakufa kima mmoja kila wiki mbili au tatu. Yakajengwa matuta manne. Na baada ya matuta, hapa nawaomba muache simu kidogo, baada ya matuta hawakwenda zao nyumbani. Hesabu iliendelea. Utafiti wa baadaye ukakuta kwamba anakufa mmoja kila wiki sita.

Pale palikuwa na teknolojia gani? Kalamu. Lakini palikuwa na hesabu ya kabla, pakawa na hatua iliyochukuliwa, pakawa na hesabu ya baada, na mtu wa kuandika hakuondoshwa siku picha za ufunguzi zilipokwisha kupigwa. Anayeweza kunitajia njia panda moja ya mjini, Unguja au Pemba, ambayo gari zake zilihesabiwa kabla ya tuta na zikahesabiwa tena baada ya tuta, anyanyue mkono.

(Kimya.)

Basi. Kima punju hata sensa wanayo, sensa kamili ya kwanza iliwakuta zaidi ya 5,800. Nyie Pemba mnao wachache katika msitu wa Ngezi, waliletwa miaka ya 1970, nao wanafuatwa na watafiti na madaftari. Sisi watu wa Zanzibar tulihesabiwa 2012 tukawa 1,303,569, tukahesabiwa 2022 tukawa 1,889,773. Gari zimesajiliwa, naam, zina namba za Z mbele na nyuma. Lakini usajili unakwambia gari ni ya nani. Haukwambii imepita wapi, saa ngapi, kwa mwendo gani, na imebeba nini.

Atasimama mtu aseme: mzee, ajali zinaandikwa polisi. Zinaandikwa, msinirukie. Lakini ajali ni nusu ya hesabu. Ajali tatu kwenye barabara ya gari mia mbili kwa siku si sawasawa na ajali tatu kwenye barabara ya gari elfu kumi. Bila ya kujua gari ngapi zimepita huwezi kujua barabara ipi ni mbaya na ipi ina watu wengi tu. Unapeleka matuta na taa kwa yule anayepiga kelele zaidi, na kwa kawaida anayepiga kelele zaidi ni anayekaa karibu na mkubwa.

Na hapo ndipo anapokuja kijana na karatasi za rangi: kamera. Mie sina ugomvi na kamera. Lakini muuzaji haanzi kukuuliza unataka kujua nini, anaanza na kifaa. Kuna mpira unaolazwa juu ya lami, gari ikiukanyaga hewa inasukumwa, kisanduku kinaandika. Kuna waya unaozungushwa ndani ya lami, chuma kikipita juu yake umeme wa ule waya unabadilika, gari imehesabiwa. Kuna rada ya kwenye nguzo. Kuna kamera. Kila kimoja kina siku yake na kina adui yake. Waya wa chini ya lami adui yake ni mtu wa bomba la maji, anakuja Jumapili na msumeno, anakata lami na waya wako pamoja. Kamera adui zake ni vumbi, chumvi ya bahari, kivuli cha mwembe, mvua ya masika na usiku usio na taa. Na vyote vina adui mmoja mkubwa, umeme. Waliokuwa Unguja Mei 2008 wanakumbuka, umeme wa kutoka bara ulipokatika tukakaa kiza karibu mwezi mzima. Tukadhani tumesoma. Disemba 2009 ukakatika tena, ikawa miezi mitatu. Nyie wakati ule mlikuwa na majenereta yenu mkatucheka. Kwa hiyo mtu akiniletea mpango wa kuhesabu gari usiokuwa na sola na betri, namrudishia karatasi zake kabla hajakaa.

Na mpira je? Mpira adui yake ni mtoto. Hili lilinikuta mwenyewe. Tulilaza mipira miwili barabara ya shamba, safi kabisa, misumari na kila kitu. Asubuhi ya pili hakuna mpira, kisanduku kiko peke yake kimefungwa mnyororo kwenye mnazi. Tukauliza, hakuna aliyeona. Mchana tukapita skulini, kila mtoto wa kiume ana manati mpya.

(Vicheko.)

Mnacheka, lakini yale manati yalinifunza zaidi kuliko semina. Safari ya pili tulimlipa bibi mwenye genge pale pale barabarani atuangalizie. Pesa ndogo. Hapakupotea kitu. Lakini niliporudi ofisini na hesabu, ofisi niliyokuwa nikiifanyia kazi wakati ule, nikaambiwa malipo ya bibi hayana kasma, yaani hayana fungu katika bajeti. Kifaa kilikuwa na kasma, kilikuja na mradi. Bibi hana. Nikalipa mfukoni.

Hiyo ndiyo habari nzima niliyokuja kuisema, na kama mtasahau mengine msisahau bibi wa genge. Vifaa vinanunuliwa katika bajeti ya maendeleo, na vinakufa katika matumizi ya kawaida. Mradi unaleta kifaa, gari ya mradi, na koti la kung'aa. Mradi unakwisha. Betri inakufa mwaka wa pili au wa tatu, na mtu wa kwenda kuibadilisha hana mafuta ya pikipiki. Niliona kisanduku kizima, hakina ubovu wowote, kimekaa kabatini kwa sababu neno la siri la kukifungulia alikuwa nalo fundi aliyesharudi kwao. Sikitaji kisanduku hicho cha nani. Mwenyewe anajijua, na huenda yuko humu.

Kwa hiyo mpango wa fedha ninaoutaka hauanzi na bei ya kifaa. Niambie kwanza nani atakwenda kukiangalia kila mwezi, mshahara wake unatoka fungu gani, betri na vipuri vinatoka wapi mwaka wa tano, na namba zikishatoka zinawekwa wapi ili mwanafunzi wa chuo azikute. Ukiweza kujibu hayo ndipo tuzungumze bei. Tuna Mfuko wa Barabara. Kila anayetia mafuta anachangia matengenezo ya barabara, na kila mwezi ZURA, wale wadhibiti wa bei za mafuta, wakitangaza bei sote tunasimama kusikiliza kama mwandamo wa mwezi. Kuhesabu ni sehemu ya kutengeneza, maana huwezi kujua utengeneze ipi kwanza kama hujui ipi inatumika. Basi kuhesabu kukae ndani ya matengenezo ya kawaida, kila mwaka, pamoja na kufyeka majani na kuzibua mitaro. Kusiwe mradi. Kikiitwa mradi kitakuwa na mwisho.

Na mikataba mikubwa ya ujenzi nayo. Kila barabara kuu inapojengwa anakuja mshauri elekezi, anafanya upembuzi yakinifu, anaweka vijana kandokando ya njia wahesabu kwa siku saba. Hesabu inaingia kwenye ripoti, ripoti inaingia kwenye kabati, na kabati mnalijua. Iandikwe katika mkataba: hesabu ni mali ya serikali, inakabidhiwa ghafi, na mkandarasi akimaliza barabara anaacha kituo kimoja cha kudumu kilichofungwa humo humo ndani ya lami, wakati lami bado iko wazi, isije ikakatwa tena.

Sasa Ramadhani. Mwenyekiti, usiniangalie hivyo, hii ndiyo inayonikosesha usingizi.

Huwezi kuweka kituo cha kudumu kila njia, hakuna nchi yenye pesa hizo. Kwa hiyo duniani kote wanafanya hivi: vituo vichache vinahesabu mwaka mzima, kwengine kote unahesabu siku chache tu, halafu unaipima ile hesabu fupi kwa mwenendo wa kituo cha kudumu. Ukihesabu Machi, na kituo kinajua Machi huwa chini ya wastani wa mwaka kwa kiasi fulani, unaongeza kiasi hicho. Akili nzuri tu. Lakini vitabu vya kazi hiyo vimeandikwa na watu ambao miezi yao haitembei. Yetu inatembea. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Machi ya 2025 karibu yote ilikuwa Ramadhani. Machi ya 2030 haitakuwa na Ramadhani hata siku moja, na mwaka huo huo Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Sasa wewe umechukua Machi ya 2025 ukaifanya kipimo cha kila Machi. Umepima nini?

Na nyote mnajua barabara inavyokuwa. Asubuhi ya Ramadhani imelala. Alasiri inaamka, saa kumi na moja jioni kila mtu anakimbilia futari, na huo ndio wakati wa kugongana, dereva ana njaa, abiria ana njaa, bodaboda ana njaa na haraka. Ikiadhiniwa magharibi, barabara tupu, unaweza kutandika mkeka katikati. Baada ya tarawehe watu wanatoka tena mpaka daku. Siku za mwisho kabla ya Idi, sokoni Darajani hapapitiki hata kwa miguu. Halafu nenda Nungwi mwezi huo huo: gari za wageni haziijui futari, zinafuata Julai na Agosti na sikukuu za Disemba. Hapa kwenu msimu wa karafuu una magari yake. Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, ina magari ya kisiwa kizima. Kwa hiyo kipimo kimoja kwa visiwa vyote hakifai, na kipimo cha kalenda moja hakifai. Tunahitaji vituo angalau katika njia za mjini, njia za wageni na njia za shamba, na mahesabu yafuate kalenda mbili, ya Januari na ya Muharram. Hili hatutaletewa na mfadhili. Hakuna anayelijua isipokuwa sisi.

Naona kidole. Dakika saba? Tano. Haya, mbio mbio.

Uzito. Kule Marekani, Illinois, 1958 mpaka 1960, walijenga barabara ya majaribio wakazungusha malori mpaka ikavunjika. Wakapata kwamba uharibifu unapanda kwa kipeo cha nne cha mzigo wa ekseli. Maana yake, ekseli ikibeba mara mbili, inaharibu mara kumi na sita. Lori moja la kokoto na gari ndogo mbili si hesabu ya tatu. Kwa hiyo kifaa kitenganishe aina. Na programu za nje hazina gari ya ng'ombe, nimeona moja inaiandika lori refu linalokwenda polepole.

Simu. Wapo wanaosema chukua mwendo kutoka simu za watu, bure. Mwendo utaupata mjini. Idadi hutaipata, uzito hutaupata, na Micheweni simu tano katika barabara haziwezi kukwambia kitu.

Kamera na siri za watu nilitaka kulisema kwa kirefu. Siwezi tena. Kifupi: kuhesabu gari hakuhitaji sura ya mtu wala namba ya gari, na anayekwambia kunahitaji anataka jambo jengine, muulize ni lipi.

Na swali la bei, ambalo mmoja wenu ameniandikia karatasi: tuanze na pesa gani? Anza na uliyonayo. Karatasi, kalamu, vijana wawili kila upande, kila gari kijiti kwenye karatasi, vitano vitano, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, na rafiki wa kuwapokea watu waswali na wale. Mie nilianza hivyo chini ya mwembe.

Wanaadhini. Karatasi za kuhesabia ziko mlangoni, nimezitengeneza mwenyewe, zina safu ya gari ya ng'ombe. Jumatatu tunakaa Gombani, njia ya Wete na njia ya Mkoani, tunataka watu wanane. Mpaka sasa nimepata watatu, na mmoja wao ni dereva wa 606 ambaye siku hiyo itabidi ahesabiwe.