Hesabu ya watu katika vijiji vya chai vya Sri Lanka

Ndugu wanafunzi, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie idadi ya watu katika kijiji kidogo cha chai. Nimechagua vijiji vya milima ya kati ya Sri Lanka, maana takwimu za huko humkanganya yeyote anayedhani kwamba watu huongezeka kwa kuzaliwa na kupungua kwa kufa, basi.

Tuanze na zao lenyewe. Kahawa ina msimu: wachumaji huja, huchuma, hurudi kwao. Chai haina subira hiyo. Chipukizi na majani yake mawili huwa tayari tena baada ya wiki moja hivi, mwaka mzima, na yakichumwa hayangoji kesho kufikishwa kiwandani. Kwa hiyo mwenye shamba hutaka watu wanaolala palepale.

Mskoti James Taylor alipanda chai Loolecondera, karibu na Kandy, mwaka 1867, ekari 19 tu. Miaka miwili baadaye ugonjwa wa kutu ya majani ukaingia kwenye kahawa, na kadiri ulivyoimaliza, mashamba yakageuzwa kuwa ya chai. Vibarua walitoka kusini mwa India, Watamili, mara nyingi ukoo mzima chini ya mnyapara wao, kangani. Wakajengewa laini: vyumba vilivyoshikana kama mabehewa, familia moja chumba kimoja. Kijiji ndicho hicho. Hakikukua chenyewe pembeni ya mto au njia panda; kilipangwa kulingana na mahitaji ya shamba.

Sasa tazameni tarakimu. Sensa ya 1971 iliwahesabu Watamili wa asili ya India 1,174,606. Sensa ya 1981: 818,656. Naomba mkae na tofauti hiyo kidogo. Watu zaidi ya 355,000 wamepungua ndani ya miaka kumi, na ukitafuta jibu kwenye vizazi na vifo peke yake hulipati.

Jibu kubwa liko kwenye sheria. Ceylon, jina la zamani la Sri Lanka, ilipopata uhuru mwaka 1948, sheria ya uraia ya mwaka huohuo iliwaacha wengi wao bila nchi. Oktoba 1964 Waziri Mkuu Sirimavo Bandaranaike na mwenzake wa India, Lal Bahadur Shastri, waligawana watu 975,000: India ichukue 525,000, Ceylon ibaki na 300,000, na 150,000 wajadiliwe baadaye. Mwaka 1974 hao wa mwisho nao wakagawanywa nusu kwa nusu. (Wachumaji wenyewe, kama mnavyoweza kukisia, hawakuulizwa.) Wengi walivushwa kwa feri kutoka Talaimannar hadi Rameswaram, wakarudishwa, kama nyaraka zilivyosema, katika nchi ambayo wengine hawakuwahi kuikanyaga.

Sababu ya pili haionekani kwa urahisi, nayo ndiyo inayonivutia zaidi. Tangu 1911 sensa imewaandika Watamili wa Ceylon, yaani walioishi kisiwani tangu zamani, na wale wa asili ya India katika safu mbili. Mtu aliyechoka kuitwa mgeni anaweza kujiandikisha safu ya kwanza. Hajahama, hajafa, jirani zake wanamwona kila asubuhi akienda kuchuma, ila kwenye jedwali la kundi lake hayupo tena. Ndiyo maana nawaonya mnaochora grafu kwa haraka.

Waliobaki bila uraia walipewa kwa sheria ya 2003. Sensa ya 2012 ikahesabu 839,504, kama asilimia 4 ya taifa. Mwaka 1953 walikuwa karibu asilimia 12.

Siku hizi kinachopunguza watu wa laini ni vijana kuondoka. Wasichana huenda viwanda vya nguo, au Ghuba kufanya kazi za ndani. Wavulana huenda madukani Colombo. Kwa hiyo piramidi ya umri ya kijiji, yaani mchoro wa watu kwa rika zao, hubanwa kiunoni: watoto chini, wazee juu. Kati yao wamo wanawake wa makamo ambao bado wanabeba vikapu, na mara nyingi sababu yake si ujira pekee. Chumba cha laini kwa kawaida si mali ya anayekaa humo, na haki ya kukaa imefungamana na kazi ya shambani.

Haya, naona mikono imeshainuliwa. Dada wa kule nyuma, anza.